Kadi ibaki kijijini au ihamie unakoishi? Ulinganisho wa njia za kupiga kura ukiwa mbali na kwenu

Tarehe 28 Oktoba 2020, saa 10 na dakika 20 jioni, nilisimama nje ya darasa nililosomea darasa la pili, Kiwira, wilayani Rungwe. Jina langu lilikuwa ukutani kwenye orodha iliyobandikwa. Nililigusa kwa kidole ambacho hakikuwa na wino. Herufi zote zilikuwa sahihi, namba ya kadi ilikuwa sahihi. Mle ndani msimamizi wa kituo alikuwa ameshafunga tundu la sanduku, na mawakala walikuwa wameinama wakinakili namba za lakiri kwenye madaftari yao. Kituo hufungwa saa 10 kamili, na anayeruhusiwa kuendelea baada ya hapo ni yule tu aliyekuwa tayari kwenye foleni. Mimi saa 10 kamili nilikuwa bado njiani ndani ya Kosta, ndiyo kwanza tunaitafuta Kiwira.

Niliondoka Nyololo alfajiri, giza bado halijaondoka. Kwa siku ya kawaida ningefika nyumbani mchana na muda ukabaki. Basi likaharibika kabla ya Igawa, tukakaa kando ya barabara saa tano nzima. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Nilikuwa mwalimu Mufindi kwa mwaka wa nne, na kadi yangu nilikuwa nimeiacha Rungwe kwa sababu Rungwe ni kwetu.

Tangu siku ile kila anayeniuliza habari za kadi namwambia tukae chini tulinganishe. Nyanda za Juu Kusini zimejaa watu wa hali yangu: walimu na wauguzi waliopangiwa Makete au Ludewa, vibarua wa chai wa Mufindi waliotoka Njombe na Ruvuma, vijana wa Ileje wanaohangaika Tunduma, wanafunzi wa Iyunga na wa Iringa mjini. Kwao swali ni moja: siku ya kura nitakuwa mbali na kadi yangu, nifanyeje?

Kuacha kadi nyumbani

Faida yake naiheshimu, kwa kuwa niliishi nayo. Siku ya uchaguzi mkuu Bara unapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Ya Rais haibadiliki, uwe Kyela au Kibondo. Zinazobadilika ni hizo mbili, na hasa ya diwani. Mama yangu anatibiwa zahanati ya kata. Barabara inayoshuka hadi shambani kwake ikikatika masika, anayebanwa kwenye vikao vya halmashauri ni diwani wa pale. Mtu ambaye wazazi wake, shamba lake na kaburi la baba yake viko kata fulani ana haki ya kutaka sauti yake isikike huko. Wanaosema "hamisha tu, kura ni kura" hawajapitia jambo hili.

Gharama zake zinajulikana: nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili au tatu za kazi, na hatari ya barabara. Anayetoka Dar es Salaam kuja Mbeya ana zaidi ya kilomita 800, na Kitonga iko katikati. Siku ya kupiga kura huwa ya mapumziko, lakini kesho yake siyo. Na yapo yasiyopangika. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa, na waliokuwa ugenini siku zile wanajua wenyewe ilikuwaje kutafuta usafiri wa kurudi. Uchaguzi ule umeacha majonzi makubwa, na wapo walioniambia hawapangi foleni tena. Siwezi kubishana na aliyefiwa. Haya nawaandikia wanaotaka kura yao iwepo.

Kwa hiyo kadi ibaki nyumbani kama mambo mawili yote ni kweli. La kwanza, huwa unarudi hata kusipokuwa na uchaguzi, angalau mara tatu au nne kwa mwaka, na safari yenyewe unaimaliza kwa nusu siku. Anayekaa Mbeya mjini na kwao Tukuyu simwambii ahamishe. La pili, mambo ya pale unayafuatilia kweli: unamjua diwani kwa jina, na ukimpigia simu anakujua. Kama jina la diwani wa kwenu hulikumbuka, basi unayosafiria ni kura ya Rais, na hiyo ungeipiga mtaani unakoishi.

Kuhamisha taarifa

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mashine za kuchukua alama za vidole, zile za BVR, zilianza kazi Februari 2015, na mahali pa kwanza palikuwa Makambako. Faida yake ni kwamba anayehama kata au jimbo haanzi upya. Alama zake zipo tayari, kinachobadilishwa ni eneo, na anapewa kadi mpya. Kujiandikisha mara ya pili kama mtu mgeni ili uwe na kadi mbili ni kosa la jinai. Nalitaja kwa sababu nimewahi kusikia watu wazima wakilipanga kwenye kijiwe cha kahawa kama jambo la kawaida.

Ugumu uko kwenye muda. Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na kila mara mkoa unapata siku chache. Katika mzunguko wa kwanza wa kuelekea uchaguzi wa 2025, Mbeya na Iringa tulipewa siku saba, kuanzia 27 Desemba 2024 hadi 2 Januari 2025. Tazama tarehe hizo. Ni Krismasi na Mwaka Mpya, wakati nusu ya watu wa mikoa hii wako kwa wazazi wao. Wengi walipita kituoni wakiwa likizo, wakajiandikisha pale walipo na kadi mkononi, kisha baada ya wiki moja wakarudi Dar, Morogoro au Dodoma. Kadi zao zikabaki zinasoma Busokelo. Hawakuwa wamechagua njia yoyote, likizo ndiyo iliyowachagulia.

Katika mzunguko huo aliyekuwa tayari kwenye daftari aliweza kuanza kuhamisha kwa simu au kompyuta kupitia mfumo wa mtandao wa Tume, halafu akaenda kituo cha eneo jipya kukamilisha na kuchukua kadi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Walijaza, wakaona ujumbe kwenye simu, wakadhani yamekwisha. Usipofika kituoni hujahama.

Mimi nilihamia Mufindi. Nilichopoteza ni kura ya diwani wa kwa mama, na bado inaniuma. Nilichopata ni kwamba naamka, natembea dakika kumi na mbili kando ya mashamba ya chai, napiga kura, narudi kuchemsha maharage. Na kipo kingine ambacho sikukitegemea. Miaka yote ile nilikuwa naishi Mufindi kama mgeni wa hoteli. Kisima kikiharibika nilinung'unika tu. Kadi iliposoma kata ninayoishi nilianza kuhudhuria mikutano, nikaanza kuuliza habari za matundu ya vyoo shuleni kwetu, na mwenyekiti akaniita mwalimu wetu badala ya yule mwalimu wa kutoka Tukuyu.

Ukinibana nichague, nachagua kuhamisha kwa yeyote aliyekaa mahali zaidi ya mwaka na anayetarajia kuwepo. Umbali ukizidi safari ya nusu siku, hata sisubiri kubanwa.

Kuna mkanganyiko mmoja unaoharibu mipango ya watu, nao ni uchaguzi wa serikali za mitaa. Ule una orodha yake yenyewe, tofauti kabisa na daftari la Tume. Mwaka 2024 orodha iliandikwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura zikapigwa tarehe 27 Novemba. Kuwa na kadi ya mpiga kura hakukuingizi kwenye orodha ile, unaandikishwa upya kwenye kitongoji au mtaa unaoishi. Kwa hiyo hata aliyeacha kadi yake kijijini anaweza kumchagua mwenyekiti wa mtaa wake wa Mafinga au Soweto, Mbeya. Wengi wangetulia kama wangelijua hili: mtaa utauchagua unapolala, na diwani utamchagua kadi yako ilipo.

Ruhusa ya wenye kazi za uchaguzi

Hii ni njia nyembamba. Sheria inampa Mkurugenzi wa Uchaguzi uwezo wa kumruhusu mpiga kura kupigia kituo ambacho hakujiandikisha, na wanaohusika hasa ni wenye majukumu siku hiyo, kama makarani na askari. Ukiwa nje ya jimbo lako unapewa karatasi ya Rais peke yake. Mwaka 2015 nilikuwa karani, na nilimwona askari aliyetoka mkoa mwingine akipiga ile moja na kusimama akizitazama zile karatasi mbili ambazo hakupewa. Zanzibar wao wana kura ya mapema, siku moja kabla, kwa watu wa kundi hilo. Bara haipo. Usiiweke njia hii kwenye hesabu zako kama wewe ni mfanyabiashara uliyesafiri tu.

Kwa nini huwezi kuituma

Binti wa kaka yangu, mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoko Iyunga, alinipigia mwezi uliopita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Masomo yanaendaje?"

"Yanaenda. Shangazi, mbona hela ya ada baba anaituma kwa simu na inafika? Kwa nini kura nisiitume?"

Nilimjibu hivi, na najibu hivyo hivyo hapa. Hela ikitumwa, wote wawili mnapata ujumbe wenye jina na kiasi, na kosa likitokea linafuatiliwa kwa jina. Kura inatakiwa ifike bila jina lako kuonekana juu yake, na bado iaminike kwamba imefika na ni moja. Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, kila mtu akitumia kitambulisho chenye saini ya kidijitali, na unaweza kupiga tena na tena hadi muda uishe, inayohesabika ni ya mwisho. Hiyo inamlinda aliyelazimishwa na mtu nyumbani. Kwetu, kwa intaneti iliyozimika siku yenyewe ya uchaguzi, sioni tutaijengea wapi imani hiyo kwa sasa.

Kura ya bahasha nayo, ile ya kutumwa kwa posta, ina mahitaji yake. Kwanza anwani. Kwetu barua ilizoea kupitia S.L.P. ya shule au ya parokia, na sanduku moja lilihudumia kijiji kizima. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imetupa namba kwenye nyumba, lakini wangapi wamewahi kuletewa barua hadi mlangoni? Pili, siri. Kwenye kituturi unasimama peke yako. Bahasha ikifunguliwa mezani nyumbani, mwenye nyumba anaweza kukaa pembeni akiangalia unaweka alama wapi. Ufaransa waliifuta kura ya posta mwaka 1975 kwa sababu ya udanganyifu. Tatu, kuhesabu. Kura zetu zinahesabiwa kituoni mbele ya mawakala, na matokeo yanabandikwa ukutani pale pale. Nimeshika karatasi zile kwa mikono yangu usiku wa 2015, kila moja ikiinuliwa ili mawakala waione, kwa mwanga wa taa ya betri iliyokuwa inafifia. Bahasha zinazokwenda kufunguliwa kwingine haziwi na macho hayo isipokuwa mtu ameyaandaa.

Hata hivyo naitaka njia fulani kwa walio mbali. Mtanzania aliye nje ya nchi hana pa kupigia kabisa. Na kuna jambo linalonishangaza: raia wa Tanzania anayeishi Uingereza kihalali, kwa kuwa nchi yetu ni ya Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kujiandikisha na kuchagua mbunge wa huko, akitaka hata kwa posta. Mtoto wetu anaweza kumchagua mbunge wa Leeds na asimchague wa Mbarali.

Kwa wenye nafasi ya kupigia mbali

Hapa nawaandikia ndugu walioko Uingereza, na pia wageni tunaoishi nao: Wamarekani wa hospitali na misheni za Iringa, Wakenya wa viwandani na kwenye makampuni, Waingereza wanaofundisha.

Uingereza kuna njia tatu: kwenda kituoni, posta, au kumteua mtu akupigie. Anayeishi kule kule, posta inamfaa. Kuna bahasha mbili, ya ndani inabeba karatasi ya kura, ya nje inabeba pia fomu yenye saini na tarehe yako ya kuzaliwa, na vyote vifike kabla ya saa 4 usiku ya siku ya kura. Wengi wanasahau ile fomu, au wanatia saini isiyofanana na ya maombi, na kura inakataliwa. Lakini Mwingereza aliyeko Iringa asijaribu posta. Karatasi huchapwa wiki chache tu kabla ya siku yenyewe, na katika uchaguzi wa Julai 2024 walioko ng'ambo wengi walilalamika kwamba bahasha ziliwafikia zimechelewa. Ateue mwakilishi anayemwamini. Tangu Januari 2024 ukomo wa miaka 15 ya kuishi nje umeondolewa, kwa hiyo hata waliokaa Tanzania tangu ujana wao wanaweza kuomba.

Mmarekani hana njia ya kuteua mtu, ila sheria ya 1986 inamlinda aliyeko nje. Anajaza fomu moja iitwayo FPCA, nayo aijaze kila mwaka, na jimbo lake la mwisho kuishi linatakiwa kumtumia karatasi angalau siku 45 kabla ya uchaguzi wa shirikisho. Kurudisha ndiko kunakotofautiana. Baadhi ya majimbo yanapokea kwa barua pepe au faksi, mengine yanataka karatasi yenyewe, mengine yanataka na shahidi atie saini. Jimbo likiruhusu barua pepe, achague hiyo. Lisiporuhusu, ubalozi wao Dar es Salaam ni bora kuliko kuitupia posta ya kawaida, naye apeleke mapema. Karatasi isipofika kwa wakati, ipo ya dharura ambayo unaandika majina kwa mkono.

Mkenya aliyeko Mbeya yuko karibu zaidi na hali yetu. Nchi yake iliruhusu kura za nje mwaka 2013, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Ila anapata karatasi ya rais tu, wakati nyumbani angepata sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, wanayemwita MCA. Aende Dar kwa karatasi moja au apande hadi Kenya kwa sita? Uchaguzi wao unaofuata ni Agosti 2027. Kama gavana na MCA wa kwao wanamgusa, kwa shamba au kwa wazazi, mimi ningemshauri aende hadi nyumbani. Kama ameondoka miaka kumi na hana mtu huko, Dar inatosha.

Mwanafunzi

Nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye aliyeniumiza kichwa. Kanuni yangu ya mwaka mmoja haimfai. Mwaka 2010 ufunguzi wa vyuo vikuu ulisogezwa hadi baada ya uchaguzi, na wanafunzi waliojiandikisha chuoni walijikuta majumbani siku ya kura, kadi zao zikisoma kwingine. Uchaguzi wetu mkuu ni Oktoba, na Oktoba ni mwezi ambao mwanafunzi hana uhakika wa kuwa bwenini.

Huyu binti wa kaka alijiandikisha Kiwira ile Krismasi ya 2024, akiwa na miaka 17 na miezi kadhaa, kwa kuwa angetimiza 18 kabla ya siku ya kura. Alitaka ahamishie Iyunga mara tu mlango ukifunguliwa. Nikamwambia tuhesabu. Kozi yake ni ya miaka minne, mwaka 2030 atakuwa ameshamaliza, na hatujui atakuwa wapi. Kutoka Iyunga hadi Kiwira ni safari ya asubuhi moja. Akiihamisha sasa, itabidi aihamishe tena.

Tukakubaliana asiiguse kwenye mzunguko wa kwanza. Asubiri ule wa pili, ulio karibu na uchaguzi, japo wakati huo vituo huwa vichache na itabidi atembee zaidi. Kipindi hicho ndipo daftari la awali linapowekwa wazi, kwa hiyo akienda aangalie na herufi za jina zifanane na za kitambulisho cha NIDA. Kadi ikipotea siku za mwisho, uchaguzi uliopita aliyemo kwenye daftari aliruhusiwa kupiga kwa kitambulisho hicho, kwa pasipoti au kwa leseni ya udereva, mradi majina yalingane.

"Na kama nitakuwa nimepangiwa kazi Sumbawanga?" akauliza.

Nikamwambia basi siku ya kwanza kuripoti, akishapata chumba, aulize mambo mawili: maji yanatoka wapi, na diwani ni nani.

Akaniambia ameandika.